Mlima wa Kwale, Kalamu ya Rais

Na Mwandishi Wetu, Kibuyuni

*Marekani na Uchina zimejipa mamlaka makubwa ya kuamua teknolojia ipi itoke nchini mwao na ipi ibaki. Kenya nayo inataka kufunga mlango wa madini ghafi. Kusini mwa Pwani, ambako mali hiyo imelala ardhini, wananchi wana kila sababu ya kuuliza ufunguo utakuwa mfukoni mwa nani.*

Maji ya bamvua yakishatoka, ufuo wa Kibuyuni huwa uwanja mpana wa mchanga na majani ya bahari. Wanawake hushuka na kamba, mambo na magunia. Mwani hufungwa kwenye kamba kitita kwa kitita, ukaachwa wiki kadhaa ukue, kisha ukavunwa, ukaanikwa vichanjani na kutiwa magunini.

Hapo, kwa mwani mwingi, safari ya Kenya huwa imekwisha. Mnunuzi huuchukua ukiwa mkavu vivyo hivyo, ukavuka bahari, na huko uendako ndiko unakotolewa karajinani, ule unga wa kugandisha unaotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na nyama za kopo. Kilo ya mwani mkavu humletea mkulima makumi machache ya shilingi. Kiwanda kiko mbali, na bei inatoka kiwandani.

Kwa hiyo mtu wa Kibuyuni hahitaji semina kuelewa hasara ya kuuza kitu kibichi. Anaiishi kila bamvua.

Ukiipa bahari mgongo, ukavuka barabara kuu ya Likoni kwenda Lungalunga na kuingia bara, unaufikia Mlima Mrima. Ni msitu wa hifadhi, na ni kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo. Chini ya mizizi ya miti ile mna niobiamu na madini adimu, yale yanayotengeneza sumaku za magari ya umeme, mitambo ya upepo, simu na makombora. Mataifa makubwa yanayagombania, na yamekwisha kubisha hodi. Mwaka 2025 kaimu balozi wa Marekani nchini, Marc Dillard, alizuru Mrima, na kampuni za Australia, RareX na Iluka, zikatangaza kuungana ili kuomba nafasi ya kuuchimba.

Msimamo wa serikali ya Kenya umesemwa mara nyingi: madini ghafi yasitoke tena, yasafishwe hapa. Ni msimamo unaopendeza masikioni. Lakini kuna maswali mawili yasiyoulizwa vya kutosha. La kwanza, nani hasa ana mamlaka ya kufunga mlango huo, na kwa muda gani? La pili, hiyo teknolojia ya kusafishia tutaipata wapi, iwapo wenye nayo nao wamefunga wa kwao?

Dharura isiyokwisha

Tuanze na Washington, kwa kuwa huko ndiko mtindo huu umekomaa.

Mwaka 1973 kamati ya Seneti ya Marekani iligundua jambo la aibu: nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari mfululizo tangu 1933. Marais walitangaza, hakuna aliyefuta, na mamia ya vifungu vya sheria vilivyowapa mamlaka ya ziada vikabaki vikifanya kazi kimyakimya. Bunge lao likatunga sheria mbili za kuwafunga breki. Ya 1976 iliweka utaratibu wa kutangaza na kufuta hali ya hatari. Ya 1977, inayojulikana kwa ufupi kama IEEPA, ilimruhusu rais kuzuia biashara na miamala na nchi za nje, ila pale tu panapokuwa na tishio lisilo la kawaida linalotoka nje.

Breki hizo hazikushika. Rais Jimmy Carter aliitumia sheria hiyo kwa mara ya kwanza Novemba 1979, baada ya mateka kukamatwa ubalozini Tehran. Hali hiyo ya hatari imekuwa ikiongezwa kila mwaka tangu hapo. Mtoto aliyezaliwa siku ile ameshakuwa babu wa watu.

Kisa cha teknolojia ni cha ajabu zaidi. Marekani ilikuwa na sheria ya kawaida ya kusimamia bidhaa na ujuzi unaouzwa nje, ya mwaka 1979. Ilikuwa na tarehe ya kuisha, na wabunge wakawa hawaelewani kuhusu kuihuisha. Ilipokufa Agosti 2001, Rais George W. Bush alitangaza hali ya hatari ya kitaifa, na hatari yenyewe ikawa ni kwamba sheria imekwisha. Kwa mamlaka hayo vizuizi hivyo vya kuuza teknolojia nje viliendeshwa kwa miaka 17, mpaka Bunge lilipotunga sheria mpya mwaka 2018.

*Hali ya hatari ilitangazwa kwa sababu wabunge walishindwa kukubaliana. Ikadumu miaka 17.*

Mwanzoni wabunge walikuwa na njia ya kuifuta hali kama hiyo wenyewe, kwa azimio la mabunge yote mawili bila saini ya rais. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Chadha, ikasema maazimio ya namna hiyo yanakiuka katiba. Tangu hapo azimio la kuifuta lazima lipelekwe kwa rais yuleyule aliyeitangaza, naye akilikataa zinahitajika theluthi mbili ya kura kumshinda. Kwa maneno mengine, kuiwasha taa ni kidole kimoja, kuizima ni kijiji kizima.

Kishindo cha matamko kama hayo kimefika hadi huku kwetu. Mei 2019 Rais Donald Trump alitangaza hali ya hatari kuhusu vifaa vya mawasiliano, na wakati huohuo Wizara ya Biashara ikaitia Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia ya Kimarekani bila kibali. Mtu wa Ukunda au Msambweni aliyenunua toleo jipya la simu ya Huawei baada ya hapo aliikuta haina Play Store. Hakuna aliyempigia simu kumwomba maoni.

Januari 2025 serikali ya Joe Biden ikatoa kanuni za kugawa dunia mafungu kuhusu chipu za akili mnemba. Marafiki 18 wa karibu waliruhusiwa, mahasimu wakafungiwa, na Kenya ikatupwa katika fungu la katikati lenye kuwekewa kiwango. Mei mwaka huohuo serikali ya Trump ikazifuta kabla hazijaanza kutumika. Katika miezi minne tuliwekewa kikomo na kuondolewa, na Nairobi haikuwa na kura popote.

Beijing imeficha ujuzi

Uchina haina haja ya kutangaza hali ya hatari. Huko serikali ikisema, imesema. Na imejua pa kubana.

Watu hudhani madini adimu ni adimu ardhini. Sivyo. Yapo sehemu nyingi za dunia, Mrima ikiwa mojawapo. Kazi iko kwenye kuyatenganisha. Elementi hizi 17 zinafanana mno kitabia, na kuipata moja safi kunahitaji kuyapitisha mawe yaliyoyeyushwa katika mamia ya hatua za asidi na vimiminika, moja baada ya nyingine. Pembeni hubaki taka zenye mionzi, kwa sababu madini haya hukaa pamoja na thoriamu. Wachina wameifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, wakavumilia uchafu wake, na leo ndio wanaosafisha sehemu kubwa mno ya madini adimu ya dunia.

Desemba 2023 Beijing ilipiga marufuku kuuza nje teknolojia ya kuchimbua na kutenganisha madini hayo. Aprili 2025, katikati ya vita vya ushuru na Marekani, ikaamuru elementi saba zisitoke bila leseni. Mwezi uliofuata kiwanda cha Ford mjini Chicago kilisimama kwa kukosa sumaku.

Hapo ndipo kauli ya "tusafishe hapa" inapokutana na ukuta. Kenya inaweza kuzuia mawe ya Mrima yasipande meli. Haiwezi kwa tamko kuuleta ujuzi wa kuyatenganisha, maana wenye ujuzi huo wameushika, na wapinzani wao wa Magharibi wangali wakihangaika kujenga wa kwao.

Leseni iliyofutwa

Mrima imeshawahi kuonja kalamu ya serikali.

Machi 2013, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya kuchimba mlimani. Baadaye mwaka huo ilitangaza kuwa madini adimu yaliyopo yana thamani ya dola bilioni 62.4. Tarakimu hiyo ni ya kampuni yenyewe, ila imerudiwa mno majukwaani hadi ikawa kama aya ya msahafu. Agosti 2013 Waziri wa Madini wa wakati huo, Najib Balala, akazifuta leseni kadhaa zilizotolewa kipindi cha mpito, hiyo ikiwamo.

Kampuni ilidai waziri alitaka rushwa. Balala akakanusha. Kesi ikaenda mahakama zetu, kampuni ikashindwa, kisha ikaenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ICSID, ikidai fidia ya takriban dola bilioni 2.

Oktoba 2018 baraza likaitupa kesi, na sababu yake inafaa kusomwa polepole. Hawakusema waziri ana haki ya kufuta anavyotaka. Walisema leseni yenyewe haikuwa halali tangu mwanzo, kwa vile ilitolewa bila idhini ya kimazingira na bila ruhusa zilizotakiwa kwa ardhi ambayo ni msitu wa hifadhi na turathi ya taifa.

*Ukali wa waziri haukuiokoa Kenya katika kesi ya Mrima. Iliokolewa na sheria zilizokuwa zimeandikwa.*

Dola bilioni mbili. Walipa kodi wa nchi hii waliponea hapo, kwenye makaratasi ya mazingira na misitu ambayo wanasiasa huyaita vikwazo vya maendeleo.

Makontena 277

Majirani zetu wa kusini walikwenda njia nyingine. Machi 2017 serikali ya Rais John Magufuli ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu na shaba ambao kampuni ya Acacia ilikuwa ikiupeleka nje kuyeyushwa. Makontena 277 yakanasa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapima, ikasema dhahabu iliyomo ni nyingi kuliko iliyotangazwa, na waziri Sospeter Muhongo akapoteza kazi siku hiyohiyo ripoti ilipotolewa. Kisha likaja dai la kodi la dola bilioni 190.

Wengi Afrika Mashariki walishangilia, na sababu wanayo. Miaka nenda miaka rudi Waafrika wameambiwa kilichomo kwenye gunia na yule anayelinunua.

Mwisho wake ulikuwaje? Mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi na watu wengi wakarudi majumbani. Barrick ikainunua Acacia, na mkataba ukafikiwa: dola milioni 300 badala ya bilioni 190, serikali ikapata hisa asilimia 16, na kampuni ya pamoja ya Twiga ikaundwa. Makinikia yenyewe yakaruhusiwa kutoka tena, maana mtambo wa kuyayeyusha haukuwa umejengwa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, Tanzania ilipata zaidi ya ilichokuwa nacho kabla. Ila ilichopata kililetwa na mazungumzo na sheria mpya zilizopita bungeni Julai 2017. Zuio lilifanya kazi ya kubisha mlango kwa nguvu, na gharama yake wakailipa wachimbaji wa Kahama.

Karafuu zilivukia hapa

Pwani hii ina ushahidi wake wenyewe wa zamani kidogo. Kisiwa cha Pemba kiko ng'ambo ya mkondo kutoka Shimoni. Tangu 1968 Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, ndilo lililopewa haki ya kununua na kusafirisha karafuu. Mkulima hakuruhusiwa kumuuzia mwingine, na adhabu zilikuwa kali.

Lakini bei aliyolipwa ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Kwa hiyo usiku majahazi na mashua yalijaa karafuu na kuelekea Kenya, na Shimoni na Vanga zikawa bandari za magendo. Doria, msako na vifungo havikuyamaliza. Kilichoyapunguza ni bei: serikali ya Zanzibar ilipoamua, mwaka 2011, kumlipa mkulima sehemu kubwa zaidi ya bei ya soko la dunia, karafuu zikarudi ghalani.

Amri ya kuzuia mali isitoke hutii bei kabla ya kumtii rais. Wazee wa Vanga wanalijua hilo bila kusoma uchumi.

Kenya: dharura ngumu, zuio rahisi

Sasa turudi kwenye katiba yetu. Wakenya waliokumbuka Oktoba 1952, gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari iliyodumu zaidi ya miaka saba, hawakutaka mchezo. Kifungu cha 58 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu rais kutangaza hali ya hatari kwa ajili ya vita, uvamizi, uasi, machafuko, janga la asili au dharura nyingine ya umma. Baada ya siku 14 inakufa. Kuiongeza mara ya kwanza kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, mara nyingine robo tatu, na kila nyongeza isizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kuibatilisha.

Ukiweka hayo kando ya ile ya Carter ya 1979, Kenya ndiyo yenye kufuli bora.

Tatizo ni kwamba serikali zetu hazihitaji mlango wa mbele. Januari 2022, baada ya nyaya na minara ya umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara na usafirishaji wa vyuma chakavu nchi nzima kwa tamko. Waokota vyuma wa Likoni na kwingineko wakalala wakiwa na kazi, wakaamka hawana. Biashara ilifunguliwa tena Mei.

Kifungu cha 135 kinataka uamuzi wa rais anaoutoa kwa mujibu wa katiba uwe wa maandishi, wenye mhuri na saini. Matamko ya mikutanoni yanajulikana jinsi yanavyozaliwa.

Upande wa madini, zuio la leseni mpya liliwekwa mwaka 2019 na kudumu hadi Oktoba 2023. Aliyeliondoa ni Salim Mvurya, gavana wa zamani wa Kwale aliyekuwa Waziri wa Madini, ila akayaacha nje madini 14 yaliyoitwa ya kimkakati, niobiamu na madini adimu yakiwamo. Miaka hiyo minne ilinasa pia maombi ya Base Titanium ya kutafuta maeneo mapya. Mgodi wake wa Kwale, ulioanza kusafirisha mchanga wa titaniamu mwaka 2014 kupitia Likoni, ulifunga uchimbaji Desemba 2024. Zuio halikuwa sababu pekee, maana akiba ya mchanga ilikuwa ikiisha. Hata hivyo halikumsaidia kijana wa Msambweni aliyekuwa na ajira pale.

*Hali ya hatari Kenya hudumu siku 14. Zuio la leseni lilidumu miaka minne, na hakuna aliyehitaji kura ya Bunge.*

Wanaovutana

Serikali ina hoja, tusiifiche. Soko la madini adimu lina walaghai, bei hupanda na kushuka kwa amri ya Beijing, na nchi inayosubiri vikao vya kamati inaweza kuamka mlima umeshagawiwa vipande. Waziri wa sasa, Hassan Joho, naye ni mwana wa Pwani, na wapo wanaoamini hilo litatosha kuilinda Kwale.

Wawekezaji wanasema wanaweza kuishi na sheria kali, si na sheria ya kuhamahama. Nao pia hawana mikono safi: titaniamu ya Kwale ilitoka miaka kumi ikiwa mchanga uliochujwa tu, ikasafishwa kwingine, kama mwani wa Kibuyuni.

Wenyeji wanaouzunguka mlima wamegawanyika. Wapo vijana wanaotaka kazi kesho asubuhi. Wapo wazee wa kaya wanaouliza mizimu itahamia wapi. Wapo wanaohofia mionzi, na hofu hiyo haikubuniwa, kwa sababu udongo wa Mrima una thoriamu na mionzi yake ya asili iko juu kuliko kawaida. Tena wote wanakumbuka mrabaha. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Titaniamu ilikuwa ikipita Likoni meli baada ya meli, na mgao wa jamii ukawa bado ni ahadi mwaka hadi mwaka.

Upande huo wa tatu ndio wenye hoja nzito kuliko zote, na ndio usioitwa mezani mapema. Anayeamua kwa haraka ni waziri au rais. Anayekaa na shimo miaka 30 ni mtu wa Mrima.

Kuzuia madini ghafi si kosa. Kosa ni kuzuia kwa amri isiyo na tarehe ya mwisho, isiyotaja kiwanda kitajengwa lini na nani, isiyopita Bunge. Amri ya aina hiyo haiwatishi Wachina wala Wamarekani. Inampa tu afisa wa wizara kitu cha kuuza, nacho ni kibali cha kuipita.

Vyombo vya kuzuia hilo vipo tayari. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni na amri za mawaziri inataka zifikishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu zitangazwe, zisipofikishwa zinakufa. Kifungu cha 71 cha Katiba kinataka mikataba mikubwa ya maliasili iidhinishwe na Bunge. Na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Wabunge wa Lungalunga na Msambweni, seneta na mwakilishi wa kike wa Kwale wanapaswa kudai mkataba wowote wa Mrima uwekwe mezani kabla tingatinga halijapanda mlima. Wasipodai, ombi hilo linaweza kuandikwa na chama cha wakulima wa mwani cha Kibuyuni, kwa Kiswahili, na Bunge litalazimika kulipokea.